Sikio la Afande: Taa za Dagaa Usiku wa Mbalamwezi

Wasomaji wangu, hamjambo. Kwa aliyeingia leo barazani: mie ni stesheni sajenti mstaafu wa upelelezi, mzaliwa wa Muheza. Nililetwa Mwanza kwa uhamisho mwaka 1986, nikaoa hapa, sikuondoka tena. Presha ya macho ilinichukua jicho la kulia, la kushoto likafuata, na tangu hapo vitabu nasoma kwa masikio. Riwaya za kipolisi ndizo ninazozipenda, na ndizo zinazonikasirisha kuliko zote. Mjukuu wangu ananisomea barua zenu na kuyaandika majibu. Mkikuta herufi imekosewa, ni yake.

Barua ya kwanza ni ndefu. Sikutaka kuikata.

*Babu Afande, shikamoo. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kazi yetu ni ya mikono, kuchambua na kufungasha, masikio yanakaa bure, ndiyo nikaanza kusikiliza riwaya kwenye simu. Hii niliyoimaliza ina sehemu 22. Inspekta anapeleleza kifo cha mnunuzi wa mabondo ya samaki aliyeokotwa ufukweni. Sehemu ya 2 tunaambiwa usiku wa mauaji mwezi ulikuwa umejaa, mpaka mawe yakang'aa. Sawa. Sehemu ya 9 anakuja shahidi, mwenye duka la nyavu, anasema alimwona mtuhumiwa akishuka ziwani usiku ule ule kwa kuwa taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa majini kama mji. Babu, nilidondosha ungo. Nikawaambia wenzangu, muuaji ni huyu, sikieni anavyodanganya! Nikasubiri sehemu 13 nzima Inspekta amtie pingu. Wapi! Mwisho muuaji akawa shemeji wa marehemu, na yule wa nyavu akapewa mkono, akashukuriwa kwa ushahidi wake. Wenzangu wananicheka mpaka leo, wananiita Inspekta. Nilikosea wapi?*
— Mama wa Dagaa, Mwaloni

Marahaba, mwanangu. Hukukosea popote. Ungekuwa kwenye kikosi changu ningekupa jalada zima ushughulike nalo peke yako.

Niwaeleze wasomaji walio mbali na ziwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanatoka na taa, zamani zote zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola, wanaziacha zielee, dagaa wanaufuata mwanga, wakishajikusanya wanazungushiwa wavu. Sasa mwezi ukijaa, ziwa lote ni jeupe. Taa inakosa kazi, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo mitumbwi ya dagaa inalala mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wanalala usingizi wa mchana na usiku, na wanagombana na wake zao kwa kuwa pesa imekatika. Mama wa Dagaa hahitaji kalenda ya ukutani kuyajua haya. Anayajua kwa gunia.

Kwa hiyo shahidi anayesema aliona mji wa taa za dagaa chini ya mwezi mpevu ni mmoja kati ya wawili: ama mwongo, ama hakuwepo. Hakuna wa tatu. Isipokuwa kwenye riwaya, ambako yupo wa tatu, naye ni mwandishi aliyesahau alichoandika sehemu ya 2.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuzihitaji zile taa hata kidogo. Alikuwa ameshawasha mwezi! Shahidi angesema, "Nilimwona kwa mbalamwezi," mambo yakaisha. Aliutaka mwezi sehemu ya 2 kwa ajili ya uzuri, mawe yang'ae, akazitaka taa sehemu ya 9 kwa ajili ya uzuri tena. Uzuri mara mbili, na katikati mtu amekufa. Na Inspekta wake je? Anapeleleza Mwanza, anaongea na watu wa ziwa sura baada ya sura, halafu anaambiwa maneno yale anatikisa kichwa na kuandika. Askari wa Kirumba angeuliza hapo hapo: "Tarehe ngapi hiyo, mzee?"

Lakini nisijifanye malaika. Nina jambo langu la kuungama.

Mwezi wa saba 1986, nina majuma machache tu Mwanza, iliibwa mashine ya boti ufukweni. Shahidi wetu alikuwa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Akasema alimwona kijana akiibeba begani, saa 12:40 jioni, akamtambua vizuri kwa kuwa jua lilikuwa linampiga usoni. Mie nimekulia Muheza, nikafanya kazi Tanga mjini. Kule mwezi wa saba, saa 12:40 watu wameshawasha taa. Nikamtazama yule mama, nikamwona mwongo mkavu. Nikaandika pembeni ya maelezo yake: *shahidi si wa kuaminika.* Nikamweka benchi.

Kesho yake nikamwita tena, jioni, nikaanza kumbana. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Afande, hiyo saa yako ya mkononi inasemaje?" Nikatazama. Saa 12:38. Akasema, "Basi toka nje."

Nikatoka. Jua lilikuwa bado halijazama, limekaa juu ya vilima vya ng'ambo, upande wa Kamanga, jekundu, linanitazama usoni mie. Mwanza iko magharibi mbali na pwani lakini saa ni moja nchi nzima, kwa hiyo jua la hapa linachelewa. Mwezi wa saba tofauti na Tanga ni karibu nusu saa. Jambo hilo linajulikana na kila mtoto anayechunga mbuzi Igombe, na mpelelezi wa serikali halijui. Nilirudi ndani nikalikata lile neno kwa kalamu, lakini karatasi ya kaboni ilikuwa imeshalinakili kwenye nakala. Mashine ilipatikana Sengerema baada ya wiki mbili. Aliyeibeba alikuwa yule yule aliyemtaja mama siku ya kwanza.

Nimesema haya kwa sababu, Mama wa Dagaa, ulichokifanya kwenye ungo wako ndicho alichokifanya mama yule kwenye benchi langu. Anayesoma kwa macho akishtuka sehemu ya 9 anafunua kurasa nyuma, anahakikisha. Wewe huna kurasa. Ukirudisha sauti nyuma unapotea, unaangukia katikati ya sentensi, na mikono yako ina dagaa. Sikio haliwezi kubeba kila kitu katika saa kumi na kitu za riwaya. Linashika lile ambalo maisha yameshalifundisha kulishika. Mwingine angeusikia ule mwezi ukampita kama upepo. Wewe uliuweka akiba sehemu saba.

Mwandishi huyo angekuwa amekusudia, hicho kingekuwa kidokezo bora kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia katika riwaya ya nchi hii: kimewekwa wazi mbele ya kila mtu, na anayeweza kukiona ni wachuuzi wa Mwaloni tu. Wenzako wakikuita Inspekta, itika.

Jambo moja la kazi. Mie nikisikiliza, nikihisi pana kitu nagonga meza, mjukuu anaandika namba ya sehemu na dakika. Riwaya ikiisha nina kijalada changu cha ukurasa mmoja. Wewe unaweza kufunga fundo kwenye kamba ya gunia, kila mshtuko fundo moja.

*Shikamoo Afande. Ni kijana wa Igoma. Nasoma riwaya za kipolisi na kurekodi kwa simu chumbani, kwa ruhusa ya waandishi wenyewe. Kila mhusika nampa sauti yake. Muuaji nimsome kwa sauti gani asijulikane mapema? Pia kuna konstebo mzito wa kuelewa, nimempa lafudhi ya Kisukuma, wasikilizaji wanafurahi sana.*
— Msomaji wa Igoma

Marahaba. Naanza na konstebo.

Mke wangu ni Msukuma wa Magu. Ndiye aliyeniongozea biashara, nyumba na watoto wakati mie nashinda kwenye majalada, na akizungumza Kiswahili, L inakaa mahali pa R kama kawaida ya watu wengi wa huku. Niliisikiliza sehemu yako moja naye akiwa jikoni. Konstebo wako alipofungua mdomo, sufuria zilinyamaza. Hakusema kitu. Kijana, unaishi Igoma! Dereva anayekupeleka mjini anaongea hivyo, mwalimu aliyekufundisha kusoma hizo riwaya huenda aliongea hivyo. Kama konstebo ni mzito, mwandishi ameshamfanya mzito kwa matendo. Na kama lafudhi ni ya Mwanza kweli, basi mpe na Inspekta, mpe na mkemia, mpe na tajiri. Hapo sitakuwa na neno.

Sasa muuaji. Hujaniambia tatizo lako lakini nimelisikia mwenyewe: unamsoma kwa upole kupita wote. Msikilizaji wa riwaya za kipolisi si mtoto. Akisikia mtu mpole mno, anamwekea alama. Wewe msome kila mtu kwa anachokijua na anachokitaka dakika ile. Muuaji anapoagiza chai anataka chai. Msomee chai.

Kuna kosa jingine dogo linalokusaliti zaidi ya sauti: pumzi. Kila kinapokaribia kitu muhimu unanyamaza kidogo, unavuta hewa, ndipo unasema, "...na mezani palikuwa na ufunguo." Umeshaniambia ufunguo ndio wenyewe. Mwandishi alihangaika kuuficha kati ya kitana na kiberiti, wewe ukaupigia ngoma. Vitaje vitatu kwa mwendo mmoja.

Na usihangaike sana kuzitenga sauti kumi na mbili tofauti. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kumtambua mtu kwa sauti tu ni ushahidi dhaifu, kwa sababu sauti inaigizika. Ndivyo ilivyo hata chumbani kwako. Wahusika wako watatu wa mwisho wote wanaongea kama mjomba mmoja mwenye mafua. Wape mwendo, mmoja anakatisha maneno, mwingine anayamaliza taratibu, inatosha.

Kazi yako ina ukoo mrefu kuliko unavyodhani. Vitabu vya kwanza vya kusikiliza kule Uingereza vilitolewa London mwaka 1935, kwenye santuri zilizocheza dakika 25 kila upande, kwa ajili ya vipofu, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya viwili vya mwanzo kabisa, kimoja kilikuwa riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie inayosimuliwa na daktari wa kijiji, "mimi" mwanzo hadi mwisho. Walioisoma wanajua kwa nini msomaji wa kitabu kile alikuwa na kazi ngumu kupita yako. Wasioisoma siwaharibii. Mie nilipoambiwa kwamba waliokuwa gizani kabla yangu walianza na riwaya kama hiyo, nilijisikia nina ndugu.

La mwisho kwako: sehemu ya 4, Inspekta yuko kwenye kikao cha saa sita mchana, na nyuma yake nasikia adhana ya alfajiri, *asswalatu khairum minan naum*. Najua unarekodi usiku wa manane kukwepa pikipiki na mvua ya bati. Maliza kabla ya muadhini. Na ukihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja inakula kama megabaiti 29 tu, sauti ya mtu inasikika safi, na wenye bando dogo watakushukuru.

*Afande, naandika riwaya yangu ya kwanza ya kipolisi, nataka itoke kwa sauti. Inspekta wangu anafanya kila kazi mwenyewe, anamhoji mtuhumiwa siku tatu mfululizo kituoni Nyamagana mpaka anakiri, kisha anapandishwa cheo kuwa Kamishna. Kuna kosa?*
— Mwandishi Mpya, Buzuruga

Yapo, na mengine ni ya kumfungulia huru muuaji wako.

Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mtu akishakamatwa polisi wana saa nne za msingi za kumhoji. Zinaweza kuongezwa kwa utaratibu wake, na zipo nyakati zisizohesabiwa, kama muda wa kumsafirisha, lakini siku tatu za taa usoni ni sinema. Maelezo ya onyo, yaani maneno ya mtuhumiwa aliyeonywa kwanza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa nje ya muda, wakili anaamka anayapinga, na jaji anaweza kuyatupa yote. Na mtu hakai mahabusu bila kufikishwa mahakamani kwa kadiri mwandishi anavyopenda. Saa 24 ndiyo kipimo cha kawaida. Mtuhumiwa akitaka kukiri kweli, mpelelezi mwenye akili anampeleka kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa wa mahakama mwenye mamlaka ya kuandika ungamo, aseme mbele ya mtu asiyevaa magwanda wala kubeba pingu. Jaribu kuliandika hilo. Saa nne zinazokatika ni tamu kuliko siku tatu, hasa kwa sikio: weka saa ya ukutani, iache igonge.

Cheo sasa. Kutoka Inspekta mpaka Kamishna umemrusha Mrakibu Msaidizi, Mrakibu, Mrakibu Mwandamizi, Kamishna Msaidizi, Kamishna Msaidizi Mwandamizi na Naibu Kamishna. Kwa jalada moja! Mie nilistaafu na nyota sina. Halafu, huyo Inspekta anafanya kila kitu mwenyewe: anapima nyayo, anapiga picha, anafukuza boda, anapeleka vielelezo maabara ya Mkemia Mkuu. Kazi hizo zina koplo na masajenti wake. Mpe koplo mmoja mwenye viatu vilivyochoka na kumbukumbu kali, riwaya itapumua.

*Nimesikiliza riwaya ya kutafsiriwa, ya London. Bwana anakula chakula cha jioni saa saba, na muuaji anaingia saa kumi usiku wakati wageni bado wanacheza karata. Wazungu hawalali?*
— Mpenda Karata, Nyegezi

Wanalala. Mtafsiri ndiye aliyelala. Saa saba ya kwao jioni ni saa moja yetu, saa kumi ya usiku ni saa nne. Amebeba namba akaacha jua. Katika hadithi ya mapenzi hilo ni kichekesho. Katika riwaya ambayo mtu anaokoka kitanzi kwa sababu alikuwa mahali fulani saa fulani, limeua kitabu. Toa sita, endelea.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Nansio. Nina riwaya za zamani za Bwana Msa kabatini. Je, alikuwa polisi? Na naweza kuzirekodi nikauza?*
— Mwalimu wa Ukerewe

Mwalimu, shikamoo yako kwanza, maana kwa hesabu ya barua yako umenizidi umri. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hakuwa polisi. Alikuwa mtu na kiko chake na akili yake, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Polisi wa kweli kweli aliyetuteka wengi ni Inspekta Wingo wa Faraji Katalambula, mwaka 1965. Nilimsoma nikiwa kijana, na sitakataa kwamba ndiye aliyenipeleka Chuo cha Polisi Moshi.

Kurekodi ujisikilizie nyumbani, hewala. Kuuza, hapana, mpaka wenye haki wakubali. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi wa Bwana Msa alifariki 1991, kwa hiyo hesabu yake inafika 2041. Anza na mchapishaji au familia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakuelekeza. Kitabu kuwa kikuukuu si sawa na kuwa mali ya yeyote.

*Afande, mke wangu kila usiku anaziba masikio kwa spika, anasikiliza wapelelezi wako hao. Sasa ameanza na mimi. Juzi narudi ananiuliza, taratibu kabisa, bila hasira: "Jana kati ya saa tatu na saa nne na robo ulikuwa wapi, na nani anaweza kuthibitisha?" Nimshauri nini?*
— Mume Mwenye Wasiwasi, Mabatini

Bwana, nimeisoma barua yako mara mbili, yaani nimesomewa mara mbili. Umeeleza spika, umeeleza usiku, umeeleza sauti aliyotumia. Saa tatu mpaka saa nne na robo hujazieleza. Ulikuwa wapi?